Nimemzika Baba Jukwaani Buswelu

Leo nimeaibika. Na siyo ile aibu ya kusahau kichekesho katikati, hiyo nimeshaizoea. Hii ni nyingine.

Kwa msionijua, mimi ni mchekeshaji wa kuzunguka. Leo Sengerema, kesho Kahama, keshokutwa popote penye ukumbi na viti vya plastiki. Jana nilikuwa Geita, leo asubuhi nikavuka daraja la Busisi, mchana nikawa Buswelu. Baba yangu, mwalimu mstaafu kule Muleba, hajawahi kuikubali kazi hii. Miaka mitatu hatuongei. Mwezi uliopita mama akanipigia: mzee amelegeza msimamo, njoo Krismasi myamalize. Nililia siku ile (mchekeshaji mzima).

Sasa, kichekesho changu kikubwa kinamhusu yeye, na huwa nakianza hivi: "Marehemu baba yangu..."

Baba ni mzima. Nilianza kumwita marehemu siku moja ukumbi uliponuna kabisa. Wakanionea huruma, na mtu akishakuonea huruma, kumchekesha ni kazi rahisi. Tangu hapo nikawa namzika kila mji.

Leo nimetamka tu "marehemu baba yangu", mama mmoja safu ya pili akasimama. Mama Koku, jirani yetu wa Muleba, migomba yao na yetu inapakana (kumbe amekuja kumtembelea binti yake).

"Deusi, Mwalimu amefariki?"

Hapo ndipo pa kusema ukweli. Nikafungua mdomo, likatoka hili: "Ni mapenzi ya Mungu, mama."

Mama Koku akaangua kilio. Mshereheshaji, mtu mwenye heshima zake, akaomba ukumbi wote usimame dakika moja kumkumbuka marehemu. Wakasimama. Sijawahi kupata watu waliotulia vile. Na mimi nikainamisha kichwa (ningefanyaje?).

Walipoketi, Mama Koku akasema lazima ampe mama yangu pole sasa hivi. Simu yake haisikiki mpaka uweke spika. Mshereheshaji, kwa wema tu, akaisogezea maiki ili ukumbi wote utoe pole. Nikamwomba asubiri kidogo. Akaniambia nijikaze.

Simu akapokea baba.

Mama Koku kwanza akaduwaa. Kisha akamwamkia, akamweleza yote: Deusi yuko jukwaani, ametangaza msiba wako, tumeshakusimamia dakika moja.

Ikatoka ile sauti yake ya darasani: "Moja tu?"

Jamani, ukumbi ulipasuka. Viti vilianguka. Mshereheshaji alikaa chini sakafuni, anajifuta machozi. Baba akasubiri watulie (hata mimi nilichukua miaka kujifunza kusubiri hivyo), ndipo akasema:

"Mwambieni asihangaike kuja Krismasi. Atakuja kumwona nani?"

Akakata. Wakacheka tena, zaidi ya mwanzo. Mimi namjua baba yangu. Hakuwa anatania.

Mwenye ukumbi ameniomba namba ya mzee. Mimi hajaniambia nirudi lini.

Nimempigia baba mara sita. Mara ya saba akapokea mama, akasema mzee amelala. Saa kumi jioni, jua linawaka. Naomba asicheke mtu.