Kompyuta Yangu Imenisema Ukumbini

Jamani, leo nimeaibika mbele ya parokia nzima. Nimekimbilia hapa intaneti kafe niwaandikie mwenyewe, maana Songea hii habari haina breki, na sitaki iwafikie ikiwa imetiwa chumvi. Chumvi iliyomo inatosha.

Mnajua nina kompyuta mbili nyumbani Mshangano. Ya mezani iko sebuleni, tunaitumia mimi na mume wangu, Baba Neema. Laptopu kuukuu aliyonipa kaka yangu ninayo chumbani. (Ndiyo, mbili. Kijicho pembeni!) Tabu yake: kazi naifanyia huku, naitafuta kule. Barua naisahihisha sebuleni, chumbani bado ina makosa yale yale. Nikachoka. Nikapata kaprogramu ka kuzilinganisha. Unaziunganisha kwa waya, kenyewe kanaangalia kipya kiko wapi, kanakipeleka upande wa pili.

Baba Neema akacheka. "Kompyuta mbili, nyumba moja, na bado unazifungisha ndoa?"

"Subiri," nikamwambia.

Jana jioni kaprogramu kakaniuliza: mafaili tu, au na mipangilio yote? Nikabonyeza yote. (Mimi mambo ya nusu nusu siyawezi!)

Sasa, leo ilikuwa jubilei ya kwaya yetu, na kazi ya picha nilipewa mimi. Nilizunguka mpaka kijijini Maposeni kuazima picha za wanakwaya wa zamani, nyingine mchwa wameshakula pembe, nikazipitisha zote kwenye skana pale sebuleni, nikazirudisha kwa wenyewe. Asubuhi, ndiyo kwanza navaa sare, umeme ukakatika. Ukarudi kwa hasira. Pu! Sebule nzima ikanuka mpira ulioungua. Kompyuta ya mezani kimya.

Baba Neema akashika kichwa. "Mama Neema, picha za watu!"

Nilikimbilia chumbani. Nikawasha laptopu. Faili la kwaya... lipo! Picha zote zipo! Nikapiga vigelegele peke yangu, mpaka jirani akaja kuuliza nani kajifungua.

Tukaenda ukumbini, mimi kifua mbele. Tukaunganisha laptopu na projekta ya kuazima, ukuta ukang'aa. Wageni wakagawiwa soda na karanga. Padri akashika kipaza sauti.

"Tumsifu Yesu Kristu!"

"Milele amina!"

Akaanza sala ya ufunguzi. Ndefu! Mimi nimefumba macho kwa unyenyekevu wote.

Nikasikia mtu anakohoa. Mwingine akaguna. Kisha kile kicheko cha kubana puani. Nikafumbua jicho moja.

Ukutani, juu ya kichwa cha padri, maandishi mekundu, makubwa kama mlango, yanapita taratibu:

WEWE MLA KARANGA, NAKUONA. NAWA MIKONO KABLA HUJANIGUSA, LA SIVYO UTALALA SEBULENI. NI MIMI, KIPUSA WAKO.

Yesu na Maria!

(Niwaeleze. Baba Neema hula karanga huku anachapa. Kibodi ya sebuleni ilikuwa na mafuta kama kikaango. Nikamwekea onyo hilo kwenye kompyuta ya mezani, lijitokeze kila ikikaa muda bila kuguswa. Sasa mimi si nilisema yote? Basi kaprogramu kakahamisha yote.)

Mwenyekiti wa kwaya, Mzee Haule, alikuwa mstari wa mbele, karanga zimejaa mdomoni. Akaacha kutafuna. Akaitazama mikono yake, akaifuta kwenye suruali polepole. Wageni wa Maposeni wakasukuma sahani chini ya viti. Padri naye akageuka, akasoma mpaka mwisho, akarudi kwenye kipaza sauti.

"Amina," akasema. "Kipusa ni nani?"

Sauti ya pili yote ikaninyooshea vidole. (Wasaliti! Na mazoezi tunafanya pamoja!) Jasho likanitiririka mpaka viatuni. Ndipo Baba Neema, yule mtu, akasimama kule kwa waimba besi wenzake, akainua mikono yote miwili.

"Padri, nimenawa!"

Ukumbi ulipasuka. Nilipita katikati ya vicheko hivyo, nikaigusa laptopu, maandishi yakatoweka. Nikafungua picha.

Kelele zikazima. Wazee wakaanza kuitana majina: "Yule ni Gaudensi! Mwangalie Gaudensi na nywele!" Ikaja picha ya mama mwembamba, ngoma kwapani, mdomo wazi, anaimba. Kule nyuma Bibi Otilia akasimama.

"Huyo ni mama yangu," akasema. "Sura yake sijaiona tangu tumzike."

Mtu akaanzisha wimbo wa zamani, kwaya ikaudaka, na bibi akacheza kuelekea ukutani mpaka akaigusa picha kwa kiganja. Nililia. Padri alilia. Mzee Haule alilia na karanga zake.

Tulipotoka padri akaniita pembeni, nikamsimulia mkasa wote. "Mama Neema, njoo uniwekee kaprogramu hako ofisini." Akafikiri kidogo. "Lakini mipangilio iache huko huko kwenu."

Basi, kucheka ruksa, mwisho kesho jioni. Ila wewe unayejishika mbavu hapo, nijibu kwanza: mashine yako ikiungua leo, picha ya mama yako iko wapi tena?