Ombi la Kumthibitisha Kwarara Kuwa Mwakilishi wa Walimu wa Muda

Maegesho ya Magari, Nyuma ya Maktaba,
Chuo Kikuu cha Mallabeen,
Queensland.

Kwa Bw. Hadley Crome, Mkurugenzi wa Utumishi

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: KITI CHETU KATIKA KIKAO CHA JULAI

Natumaini u mzima, na kwamba umeshamsamehe aliyekula pai yako. Mimi pia sijambo, ila nina neno.

Jina langu ni Bronwyn Tregear. Nafundisha Utangulizi wa Mantiki hapa chuoni kwa mkataba wa muda, muhula baada ya muhula, na nimefanya hivyo kwa muda mrefu kiasi kwamba mwanafunzi wangu mmoja wa zamani sasa ndiye mkuu wa idara yangu. Ni kijana mwenye adabu. Kila anaponisainia mkataba huniuliza kama nimepata kazi kwingine.

Kama ujuavyo, baada ya mabishano ya miaka, chama cha wafanyakazi kilitupatia sisi walimu wa muda kiti kimoja katika majadiliano ya mkataba wa pamoja. Tulishangilia. Kisha tukasoma sharti lake: mwakilishi wetu lazima awe mwajiriwa wa chuo siku ya kikao. Na kikao, kwa desturi ya ofisi yako, huitishwa Julai, wanafunzi wakiwa likizo, mikataba yetu sote ikiwa imekwisha na mipya haijaandikwa. Basi kiti kipo, mwenye kiti hayupo, na muhtasari huandika kila mwaka: "Walimu wa muda hawakuwa na pingamizi." Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Sikujua kama waliajiriwa ofisini kwako.

Tunachotaka kusema katika kiti hicho si kikubwa. Tunataka kuambiwa kabla ya muhula kuanza kama tuna kazi au hatuna. Februari hii nilikuwa supamaketi nikichagua viazi, mwanafunzi akanishika bega. "Aa, Bronwyn! Mbona somo lako kapewa mtu mwingine? Umeacha kazi, au?" Nikamjibu kwamba ndiyo, nimeamua kupumzika kidogo. Niliona haya kumwambia kwamba yeye ndiye aliyeniletea habari. Viazi nikaviacha pale pale, nikaenda kulia garini. Nilirudishwa wiki ya tatu, yule mwenzangu aliyepewa somo langu alipopata kazi mjini Perth, na hakuna aliyenieleza lolote. Iliniuma, Mkurugenzi, na bado inauma.

Sasa tuje kwenye kikao cha Julai iliyopita. Lindsay Marchbank, katibu wa chama, alikuwemo, akanipigia simu akicheka mpaka akapaliwa. "Bronnie we, umekosa! Kijua kizuri, tumeacha mlango wazi, mara kwarara huyo kaingia, tena kwa maringo kama kaalikwa! Kapanda kwenye kiti chenu. Kamtazama Hadley wee, halafu kamchukulia pai!" Huyo ni yule ndege mweupe, kichwa cheusi kipara, mdomo mrefu uliopinda, anayepekua mapipa ya mkahawa wetu. Na wewe, Mkurugenzi, ulisema mbele ya kikao kizima: "Mwacheni. Huyo ndiye mwalimu wa muda wa kwanza kuhudhuria."

Wenzangu walipata hasira. Mimi nilifurahi. Kauli ya Mkurugenzi wa Utumishi, kikaoni, mbele ya mashahidi, haiwezi kuwa utani. Ni utambuzi rasmi. Kilichobaki ni barua ya uthibitisho, nami naiomba kwa sababu hizi:

1. Anakuwepo Julai. Kwa kweli hoja hii peke yake ingetosha.

2. Ana anwani. Kiota chake kipo kwenye mnazi wa mapambo mbele ya jengo la utawala, na kila mtu anajua pa kumpata. Ofisi yangu mimi ni buti la gari langu. Mwanafunzi akitaka ushauri juu ya insha yake huja maegeshoni, tunazungumza huku nimekalia tairi la akiba. Mvua ikinyesha, yeye hukaa mbele na mimi nyuma, ili uhusiano wetu uendelee kuwa wa kitaaluma.

3. Analindwa na sheria. Chuo hakiwezi kumfukuza wala kukigusa kiota chake bila kibali cha serikali. Mimi hufukuzwa kwa kutoandikiwa barua pepe. Tunapenda mwakilishi asiye na hofu, na kwa sasa hatuna mwingine.

4. Anazijua shida zetu. Maprofesa wa kudumu wanapomaliza hafla zao, sisi na yeye hufika pamoja kwenye meza ya mabaki. Kwa uaminifu lazima nikiri kwamba yeye hutangulia, na vipande vya keki ya nazi hatujavionja tangu mwaka juzi. Hatumwonei kinyongo. Kiongozi hula kwanza, hata nyinyi mnafanya hivyo.

5. Nimesikia pingamizi kwamba hawezi kusema. Pitia mihtasari yako, Mkurugenzi. Mwakilishi wetu hajawahi kutamka neno hata moja na majadiliano yamekwenda vizuri sana, kwa maneno yako mwenyewe. Tena huyu akikasirika hupiga kelele, jambo ambalo litakuwa maendeleo.

6. Akithibitishwa, atastahili likizo ya ugonjwa. Ukimpa yeye huwezi kutunyima sisi anaotuwakilisha. Ukimnyima, utaeleza mbele ya watetezi wa wanyama, ambao, nimechunguza, ni wengi kuliko watetezi wa walimu.

7. Hapa naomba uniruhusu nifanye kazi unayonilipa. Umetamka kwamba kwarara ni mwalimu wa muda. Sheria inasema kwarara haondoleki. Kwa hiyo yupo mwalimu wa muda asiyeondoleka. Na kwa kuwa ofisi yako imeandika mara nyingi kwamba walimu wa muda wote ni sawa na haiwezi kumpendelea mmoja, inafuata kwamba sote hatuondoleki. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeliona hilo, kama angekuwa na mwalimu kuanzia wiki ya kwanza.

Tunangoja barua ya uthibitisho, pamoja na pai, ambayo iwekwe upande wake wa meza ili asilazimike kunyoosha shingo.

Wasalimie wote ofisini: Bi. Maureen wa mapokezi, ambaye hunijibu simu kwa upole hata asipokuwa na jibu, mafundi, wafagizi, na mkuu wangu wa idara ukimwona. Nyumbani kwako pia nawasalimu.

Wako mtiifu hadi mwisho wa muhula,

Dkt. Bronwyn Tregear

Baada ya sahihi: Nilikuwa nafunga bahasha Bi. Maureen akapiga simu. Nimeteuliwa kuwa Ofisa wa Malalamiko ya Walimu wa Muda, kuanzia kesho, na kazi yangu ya kwanza ni kujibu barua zilizokwisha kufika na zilizo njiani. Nimeanza na hii. Nimeisoma kwa makini na nasikitika kusema kwamba haina msingi: mwandishi ana uchungu, anachanganya utani na utambuzi, na hoja ya saba isingepata hata nusu ya alama darasani kwangu. Nashauri ombi likataliwe kwa heshima. Niliuliza mkataba wangu mpya unaisha lini. Bi. Maureen akasema, "Ijumaa ya kabla ya kikao, mpenzi." Nimekubali. Msinicheke, kuna chumba, kina mlango, na mlangoni wamebandika jina langu.