Salamu Zinazokula Breki ya Kushoto ya Pikapu Yangu

Johnstone Muange,
Shamba Na. 62,
Shimba Hills.
Jumatano, 14 Julai 1999

Kwa Chifu,
Ofisi ya Chifu,
Msambweni.

Mheshimiwa Chifu,

KUH: PEDI ZA BREKI, GURUDUMU LA MBELE, UPANDE WA KUSHOTO

Waraka ni nusu ya kuonana, na kwa hali ya breki zangu ilivyo, nusu hiyo ndiyo salama zaidi kwetu sote.

Mimi ni mkulima wa machungwa. Nina pikapu moja nyeupe ambayo bila shaka umewahi kuiona imesimama. Nasema imesimama kwa sababu katika lokesheni yako hakuna mtu aliyewahi kuiona ikienda. Kila Jumanne, Alhamisi na Jumamosi dereva wangu Mwero, mwenyeji wa Munje, huteremka nayo kutoka huku vilimani hadi Msambweni, kisha hushika lami kupeleka machungwa kwenye hoteli moja ya Diani. Tangu Januari nimebadilisha pedi za gurudumu la mbele la kushoto mara tatu. Za kulia hazijaguswa. Bado zina rangi ya dukani. Fundi wangu Musyoki alikuna kichwa, akasema hawezi kujua sababu mpaka aifungue breki yote. Mimi sikuona haja ya kufungua kitu. Nilipanda gari na Mwero siku moja tu, nikajionea mwenyewe. Breki yangu inaliwa na salamu.

Naomba nieleze kwa utaratibu, maana najua ofisi yako inapenda utaratibu.

1. Watu wako hukaa kushoto. Tunaposhuka, wazee wote wa maana wameketi upande wa kushoto wa njia. Tunaporudi, kuna wazee wengine, wa maana vilevile, upande ule ambao sasa ndio umekuwa wa kushoto. Wa kulia hupungiwa mkono tu, na mkono hautumii pedi. Kwa hivyo gurudumu la kushoto ndilo linalobeba heshima yote ya gari, na la kulia linatembea bure kama mgeni.

2. Mzee Rai. Huyu hukaa pale njia panda, chini ya mteremko wa mwisho, na Mwero hawezi kumpita. Hutoa shikamoo, huitikiwa marahaba, na mimi kwa ujinga wangu nilidhani tumemaliza. Kumbe tumefungua mlango. Zikafuata habari za nyumbani, za watoto, za shamba, za mifugo, za mvua, za huko mlikotoka na za huko muendako. Nilihesabu maswali kumi na moja, na majibu kumi na moja yalikuwa "salama, alhamdulillahi". Mheshimiwa, kama jibu ni moja, mbona swali moja lisitoshe?

3. Salamu za kupelekwa. Hili ndilo limenitoa usingizi. Bi Mishi, muuza mahamri wa pale pale njia panda, haridhiki kusalimiwa. Humpa Mwero salamu za dada yake wa Munje. Dada naye huzipokea, hushukuru, na kutuma zake kwa mkwe wa Kinondo. Mkwe hawezi kukaa na deni, hivyo tukirudi tunasimamishwa kupokea majibu. Pikapu yangu ina kibali cha kubeba tani moja ya mazao. Salamu hazikuandikwa popote kwenye kibali hicho, na siku ile tulizibeba ishirini na tatu.

4. Mazishi. Jeneza likipita, Mwero huzima gari, hushuka na kusindikiza hatua kadhaa. Hili silalamikii. Nimelitaja tu ili hesabu ya breki ikamilike.

5. Mzee Baya, mgema. Siku hiyohiyo tulimpita akiwa juu ya mnazi. Mwero hakumwona. Tulipokaribia Kinondo dhamiri ikamkamata, akageuza gari, tukarudi maili tatu tukasimama chini ya mnazi kumwomba radhi. Mzee Baya alijibu kutoka juu kwamba naye hakutuona. Basi hapo watu wawili ambao hawakuonana walisalimiana kwa pedi zangu.

6. Hoteli. Machungwa yanayotakiwa saa moja asubuhi yanafika saa nne. Karani wa jikoni, bwana mdogo aitwaye Quincy, kutoka bara kama mimi, alinitazama akaniuliza, "Buda, hii mzigo ni ya brekifasti ama ni ya lanchi?" Ningemwambia nini, kwamba nilikuwa nikiuliza habari za mifugo ya watu?

Usidhani sikujaribu kujisaidia. Mwezi wa tano nilimlipa mchoraji akaandika mbele ya gari, kwa herufi kubwa nyekundu, SHIKAMOONI NYOTE, nikitaraji kwamba sasa gari litajisalimia lenyewe huku likienda. Matokeo yake, waliojua kusoma walilisimamisha ili waitikie marahaba, na wasiojua walilisimamisha ili Mwero awasomee. Wiki hiyo pedi ziliisha kwa siku nne.

Kwa hayo yote, Mheshimiwa, naleta maombi yangu kwa unyenyekevu:

(a) Utangaze barazani kwamba gari lililopakia machungwa lisiulizwe zaidi ya maswali mawili, na moja kati ya hayo liwe shikamoo yenyewe.

(b) Kama (a) ni nzito, basi wazee wahamie upande wa kulia wa njia kwa muda wa miezi sita, ili pedi za kulia nazo zipate kazi. Viti nitawabebea mimi.

(c) Kama (b) pia ni nzito, kitengwe kituo kimoja cha salamu. Watu wote wa kuanzia njia panda hadi Munje wakusanyike hapo mara moja kwa wiki, Mwero awasalimu kwa jumla, kisha karani wako ampe hati yenye muhuri ya kuonyesha kwamba ameshasalimu. Anayemsimamisha baadaye aonyeshwe hati.

Nisipopata jibu kufikia Ijumaa nitalazimika kumwachisha Mwero kazi. Sipendi. Ni dereva mwangalifu, hanywi, na ana watoto wanne. Mke wangu Hannah ameninunia tangu nilipolitamka jambo hili; ananiuliza nitampata wapi dereva wa Pwani asiyekuwa na ndugu njiani. Lakini mimi ni mtu wa kazi, na kazi haisubiri habari za watoto.

Nakomea hapo nisije nikakuchosha. Nisalimie mama wa nyumbani na watoto wote, yule aliyeingia sekondari hasa. Nisalimie karani wako, manaibu wako wote wawili na familia zao, askari wa lango, yule mama wa chai, na wazee wa baraza mmoja mmoja kwa majina yao. Uwaambie nawakumbuka.

Ni mimi raia wako mtiifu, mwenye breki moja,

Johnstone Muange

Tanbihi. Jumamosi, 17 Julai.

Mheshimiwa, barua hii sikuitia posta. Alhamisi nilimwambia Mwero abaki nyumbani, nikapakia machungwa, nikaja nayo mwenyewe ili watu waone gari linavyoendeshwa. Nilipita kila mtu macho mbele. Nilifurahi sana mpaka kwenye mteremko wa mwisho, ambapo nilikanyaga breki na mguu ukaenda hadi chini kama umekanyaga uji. Ya mkono niliivuta, ikaja yote mkononi. Nikapiga honi; watu wakanipisha, kama wanavyonipisha siku zote nikija huko kwa shughuli zangu. Nikapiga kelele "Breki! Breki!" na nikamsikia mtu akisema, "Mpisheni Muange, ana haraka zake."

Sijui nani aliyenitia neno mdomoni. Nilitoa kichwa dirishani nikalia, "Shikamooni!"

Mzee Rai aliinuka mara moja. Nimeambiwa maneno yake yalikuwa haya: "Muange kasalimu? Jamani, mtu yuafa huyo!" Hapo njia panda nzima ikaja mbio. Wengine walitupa mawe, wengine magogo, Bi Mishi akasukumia meza yake ya mahamri chini ya gurudumu, na pikapu ikapanda tuta la mchanga wa kujengea msikiti, ikakaa. Machungwa yalifika hadi uwanja wa shule.

Walinitoa, wakaniketisha kwenye mkeka, wakanipa maji. Nilingoja waniulize kuhusu breki. Mzee Rai akaniuliza habari za nyumbani, za watoto, za shamba. Nikajibu moja moja, kwa mara ya kwanza maishani. Kisha akauliza, "Na mama, kule Kitui, mguu vipi?" Mheshimiwa, mama yangu anaumwa mguu tangu Pasaka, na katika watu wote ninaofanya nao biashara hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza. Nililia mbele ya watu wako wote. Mwero alikuwa amewaambia, na walikuwa wakingoja tu nisimame.

Jana Musyoki alifungua breki. Pistoni ya kushoto ilikuwa imekwama tangu Februari, ikibana pedi mchana kutwa, gari lisimame au lisisimame. Salamu hazikuhusika hata chembe. Akasema dereva yeyote mwenye masikio angeijua. Nikamgeukia Mwero nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akainamisha kichwa. "Nilikuwa nikija kila asubuhi kukwambia, mzee," akasema. "Lakini kila nikifika kwenye habari za watoto, wewe huniambia, haya, haya, panda gari."

Kwa hiyo naomba barua hii isisomwe barazani wala popote. Mwero hafukuzwi. Leo alfajiri alikuja akaniamkia, tukaanza mwanzo, nikamwacha amalize zote, na alipomaliza akaniambia kwamba oili ya injini inavuja.