Chumba cha Mbele cha Mzee Danieri

Jumatatu, 6 Oktoba 2025. Bwera, karibu na mpaka wa Kongo.
Mvua tena. Chumba changu cha nyuma kinavuja juu ya kitanda, na dirisha linatazama choo. Saudah, mke wangu, amepiga simu kutoka Mwanza. Anakuja na mtoto mwisho wa mwezi, na kama nyumba si ile niliyomsimulia, gari litakalomleta ndilo litakalomrudisha, na harudi tena. Nilimsimulia chumba cha mbele: baraza, sakafu ya saruji, umeme. Kina kasoro moja. Anaishi humo Mzee Danieri, Mkongo, mgonjwa wa muda mrefu, na bado hajafa.

Jumanne, 7 Oktoba.
Nimemuuliza mwenye nyumba, Mama Tabisa, chumba kile atakipata nani baadaye. Akaniuliza kama nina haraka ya kuzika. Nilipong'ang'ania akasema jamaa za mzee kwanza. Wasipotokea, atampa yule aliyemtendea mzee wema.
Wema. Nimechinja kuku.
Ssali, mbadili fedha wa chumba cha pili, alikuwa anafua karibu nasi, polepole mno. Jioni nilimkuta kwa mzee na chupa ya uji wa maziwa. Tulisalimiana vizuri sana.

Ijumaa, 10 Oktoba.
Mambo yanaharibika. Supu yangu asubuhi, uji wa Ssali mchana, supu yangu tena jioni. Mzee ananenepa. Leo ametembea hadi barazani na kuomba pilipili.
Baadaye nilidhani amelala, nikaanza kupima dirisha kwa utepe. Akasema bila kufumbua macho: "Mutoto yangu, mi najua uko nangojea hii nyumba. Haiko mubaya. Supu iko muzuri. Kesho ongeza chumvi."
Nilimjibu kwamba napima upepo.

Jumapili, 12 Oktoba. Kasese.
Nimekuja kununua mapazia. Bluu, yenye maua, kama apendavyo Saudah. Muuzaji aliuliza kama nimeshahamia. Nikasema bado kuna mtu ndani.
Simu kutoka kwa Mama Tabisa. Mzee ameanguka, yuko hospitali, na aliyembeba mgongoni ni Ssali. Mgongoni! Narudi sasa hivi.

Jumatatu, 13 Oktoba. Bwera.
Muuguzi alisema wanaingia jamaa tu. Ssali alikuwa ameketi nje na chupa yake ya uji, amekataliwa. Nikasema mimi ni mwanawe. Mama Tabisa alisikia. Akasema haya, mtoto amepatikana. Ssali alifunga chupa.
Chumba ni changu.
Mzee alinishika mkono mpaka akasinzia. Mkono mwepesi mno. Nilitaka kuutoa wangu. Sikuutoa.

Jumanne, 14 Oktoba.
Mzee Danieri amefariki alfajiri. Nilifika na kitanda changu hadi barazani, Mama Tabisa akanizuia. Mwana huzika kwanza. Na mzee aliomba alazwe kwao, ng'ambo ya mpaka. Nikasema labda Ssali angenisindikiza. Ssali akasema, kwa huzuni kubwa, kwamba yeye ni jirani tu.
Jeneza halikuwa na kitambaa cha kulifunika. Mama Tabisa akayaona mapazia.

Jumatano, 15 Oktoba. Mpakani.
Afande Okello aliuliza maiti ni nani wangu. Nikasema baba. Akakitazama kitambulisho, akanitazama mimi. "Wewe Mutanzania, baba Mukongo. Ilikuwa namna gani?"
Nikasema mama alisafiri sana.
Akavua kofia, akasema pole, akafungua kizuizi. Mama yangu, popote ulipo, nisamehe.

Ijumaa, 17 Oktoba. Kwa kina Danieri.
Nyumba moja, nusu yake imeungua wakati wa vita. Aliyebaki ni dada yake, Bibi Gorret, ambaye haoni. Alinipapasa uso, akatangaza kwamba pua ni ya Danieri kabisa. Watu wakaitikia. Matanga hayajaisha na mwana haondoki. Tunalala nje karibu na moto, juu ya majani ya migomba. Bibi ametangaza pia kwamba nyumba hii sasa ni yangu. Nilitokwa na machozi. Moshi, nadhani.

Jumatatu, 20 Oktoba. Bwera.
Suruali za Ssali zimeanikwa kwenye baraza langu.
Nilimwendea Mama Tabisa. Akasema habari zimemfikia kutoka ng'ambo. "Wewe iko na nyumba ya baba yako. Ssali iko na nini?" Nikamwambia ukweli, kwamba yule hakuwa baba yangu. Akanikemea vikali. Akasema mtoto anayemkana baba kaburi likiwa bado bichi hapaswi kupewa hata chumba cha nyuma.
Nimeomba radhi. Cha nyuma nimeachiwa. Godoro limelowa.
Saudah ameandika: amekata tiketi.

Jumatano, 22 Oktoba.
Ssali anakohoa. Kikohozi kimeanza jana, kikavu, cha ndani ya kifua. Nimemwandikia Saudah asubiri kidogo, nyumba inapakwa rangi.
Nimenunua kuku. Nimeongeza chumvi.
Wakimlaza hospitali nitamwambia muuguzi mimi ni kaka yake. Kaka tu. Kaka hana kazi kubwa.