Hotuba Niliyoiweka Akiba

Jumatatu, 11 Novemba

Mpango umekamilika! Nimeamka nikiwa na njaa, jambo lisilonitokea siku hizi. Moyo unadunda kama ngoma ya kanivali, na Daktari Lamothe alishaukataza.

Nieleze vizuri, nisije nikafa watu wakabaki kukisia. Mimi, Evariste Cadet, mwalimu mkuu mstaafu, ni seneta wa kuteuliwa, kiti cha wakulima. Nimekaa Seneti miaka sita na sijasema neno. Wanadhani nasinzia. Nakiri hapa, kwa kuwa Padri Alphonse siku hizi ni kiziwi kuliko hata mimi: sisinzii. Najifanya. Nilikuwa natunza hotuba yangu ya kwanza.

Desturi ni kwamba hotuba ya kwanza ya seneta haikatizwi na yeyote, wala haina kikomo. Zinazofuata zote ni dakika kumi, kengele, kaa chini. Kitu cha thamani namna hiyo hakitumiwi kujadili leseni za mbwa.

Sasa sababu imepatikana. Muswada wa Makaburi! Ukipita, hazikwi mtu tena kwenye makaburi ya mlimani pale Victoria, mjini kwetu. Na pale yupo Eunice, mke wangu. Ndoa yetu nzima alilala upande wa ukutani, mimi upande wa mlangoni, maana aliogopa wezi. Hata kaburi lake nililichagua pembeni mwa ukuta. Upande wa mlangoni hauna mtu.

Seneti inafunga mwaka Ijumaa jioni. Muswada ambao haujapita utakuwa umekufa, labda uletwe upya mwakani. Basi Ijumaa nasimama, nahutubia mpaka wafunge. Rahisi! Hotuba ina kurasa arobaini. Inaanzia kwa Warumi na jinsi walivyozika wafu wao.

Baadaye. Kosa dogo. Nilimuuliza karani kwenye korido kama ni kweli hotuba ya kwanza haina kikomo. Masikio yangu hayafai, kwa hiyo huenda nilipaza sauti. Ignatius Bowen alikuwa amesimama nyuma yangu. Huyu ndiye kiongozi wa serikali humu Seneti, na muswada ni wake. Nilimfundisha. Alikuwa mjanja tangu enzi za kaptura. Alinipa mkono, akatabasamu. Sikulipenda tabasamu.

Jumanne, 12 Novemba

Vita!

Kuna kanuni nilikuwa nimeisahau. Chochote seneta atakachotamka kikaandikwa kwenye Hansadi kinahesabika kuwa hotuba. Hata neno moja. Ignatius hajaisahau.

Leo ilikuwa zamu ya soko la samaki. Akasimama, akatangaza kwamba kungumanga imeota kisiwani hapa tangu kuumbwa kwa dunia. Uongo mtupu! Ililetwa kutoka Mashariki, nimelifundisha hilo maisha yangu yote, yeye mwenyewe nilimfundisha! Akanitazama, akangoja. Nikatia mdomoni donge la ukwaju. (Mpwa wangu Verlyn hunitengenezea, ukwaju na sukari.) Akaendelea, eti timu ya kriketi ya Victoria haijawahi kuwafunga majirani zetu wa Gouyave. Nikatia la pili. Ndipo akasema Pythagoras alikuwa Mrumi.

La tatu likapita njia mbaya. Nilikohoa mpaka Mpambe akaiacha siwa mezani, akaja kunipiga mgongoni. Ignatius hakuona haya kuomba mwongozo: je, kikohozi kile si mchango wa Seneta Cadet katika mjadala? Bi Spika akatafakari. Akaamua kwamba kikohozi si mchango, ingawa yeye binafsi ameshasikia michango mibaya zaidi.

Ushindi! Bado ninayo!

Jumatano, 13 Novemba

Mazoezi nyumbani. Nilimsomea Verlyn. Kwa Warumi alikuwa macho. Kwa Wagiriki akaanza kuchambua majani ya magimbi. Nilipofika kwa watakatifu wa Ulaya alikuwa amelala, kisu mkononi. Dalili njema sana. Kama mtu mwenye kisu analala, maseneta watafanya nini?

Nina mpango wa pili, iwapo wa kwanza utakwama. Nife kabla ya Ijumaa. Muswada hauwezi kumfukua mtu aliyekwisha kuzikwa. Nikampigia Daktari Lamothe. Anasema moyo ni mbovu, lakini Krismasi utanifikisha. Nikamwomba afikirie tena. Akakata simu.

Verlyn alisikia. Akaniambia, "Mjomba, hata kufa unataka kuwahi kiti cha mbele?" Kisha akaenda jikoni, akakaa huko muda mrefu. Aliporudi macho yalikuwa mekundu. Vitunguu, nadhani.

Alhamisi, 14 Novemba

Adui amekuja nyumbani! Ignatius, na samaki mkubwa wa Gouyave kwenye gazeti. Nikakaa kimya kabisa, nisije nikazoea kusema mbele yake. Verlyn akanikumbusha kuwa sebule si Seneti.

Alikuja kwa upole, lazima niseme. Akaeleza kuwa ule mlima unaporomoka. Mvua za Septemba zimeondoka na kipande cha ukuta. Akaniahidi nafasi kwenye makaburi mapya bondeni, safu ya mbele, chini ya mti, na maegesho ya magari.

Nikamwambia silali na magari.

"Mwalimu," akasema, "mimi nimetumwa kufunga mlima, sikutumwa kukutenganisha na mtu."

"Basi usiufunge."

Akanywa chai yake ya kakao mpaka ikaisha. Mlangoni akasema kesho tutaonana, na kwamba atafanya kazi yake. Nikamjibu na mimi nitafanya yangu. Nilijisikia kama jenerali. Samaki alikuwa mtamu.

Ijumaa, 15 Novemba

Nitaandika polepole.

Muswada uliwekwa mwisho. Vizuri! Tai nyekundu. Kurasa arobaini mapajani. Ukwaju ulikuwa umeniishia kwenye mjadala wa leseni za mbwa.

Ignatius akasimama kuwasilisha. Hakunitazama. Alisema habari za mawe na maporomoko, kisha akasema ni vyema kuwakumbuka waliolala mlimani, na kwa mfano yupo marehemu Bi Eunice Cadet, aliyekuwa akitupikia watoto wa shule shelisheli la nazi. Mama mwema, akasema. Bahati mbaya chungu chake kilikuwa kinaungua chini kila mara.

Nilijikuta nimesimama.

"Hakijawahi kuungua!"

Karani akaandika. Niliiona kalamu ikienda. Miaka sita! Maneno mawili! Ignatius akakaa chini taratibu. Bi Spika akasema Seneti inamshukuru Seneta Cadet kwa hotuba yake ya kwanza.

Nilitamani moyo usimame palepale. Ukakataa, mbovu kwa kila kazi.

Akafuata Seneta Philomene Joachim wa upinzani. Na hapa desturi ina nusu ya pili, ambayo wote tuliisahau kwa kuwa hatujapata seneta mpya muda mrefu: kila anayefuata lazima kwanza ampongeze mwenye hotuba ya kwanza, na pongezi hazikatizwi. Philomene akaanza kunipongeza. Akasema hotuba ilikuwa fupi na ya kweli, kwa sababu yeye alikuwa akija shule bila chakula, na Bi Eunice alimwekea sahani nyuma ya mlango wa jiko ili wenzake wasimwone akila. Akaieleza sahani. Akaieleza binzari. Akafuata seneta wa wafanyakazi, naye alikuwa na sahani yake nyuma ya mlango uleule. Kumbe walikuwa wengi, na kila mmoja alidhani yuko peke yake. Mmoja wa upande wa serikali alisema anakumbuka kiliungua mara moja. Akazomewa hata na wenzake.

Saa ikaenda. Akabaki Ignatius, afunge mjadala ili wapige kura. Alijua akisema sentensi moja tu, kura inawahi kabla ya kengele. Akashika karatasi zake. Akaziweka.

"Nampongeza Seneta Cadet," akasema. "Nilikula kwenye chungu kile miaka yangu yote ya shule, Bi Spika. Nimesema uongo leo. Hakikuungua."

Akabaki amesimama, hasemi, hakai. Hakuna aliyemkatiza. Kengele ya kufunga mwaka ikalia.

Muswada umekufa.

Watu wakaja kunikumbatia. Wengine wanalia! Mimi nilikuwa nimefura kwa hasira. Seneti nzima imepoteza alasiri kuzungumzia mapishi, na hakuna hata mmoja aliyeomba kusikia habari za Warumi.

Jumamosi, 16 Novemba

Siku kubwa! Nimeukwepa mtego mbaya kuliko yote.

Ignatius alikuja asubuhi. Hakuwa na samaki. Akasema muswada utarudi Februari, lakini ameshaandika kifungu kipya: aliye na mume au mke mlimani atazikwa kando yake, wakati wowote atakapokufa. Eti Eunice hatabaki peke yake. Eti kila kitu kimekwisha.

Nikamtazama. Ujanja ulioje! Akiweka kifungu hicho, mimi nitapinga nini? Nikamwambia asithubutu.

"Mwalimu, umeshashinda."

Nikamjibu kuwa sijahutubia.

Akamgeukia Verlyn. Verlyn akatazama dari. Nikawafafanulia, maana wote wawili walikuwa wazito darasani. Seneta aliyejiuzulu si seneta. Akiteuliwa tena ni mpya kabisa. Na mpya ana hotuba ya kwanza! Ignatius akauliza, kwa sauti ya chini, kama nimefikiria kwamba huenda nisiteuliwe tena, au Februari isinikute. Wivu huo.

Barua ya kujiuzulu imepelekwa kabla ya chakula cha mchana. Nina miezi mitatu ya kuiboresha hotuba. Nimeongeza sura nzima ya Wamisri, tena na mafarao wao. Ili ipate nafasi nimeipunguza sehemu ya Eunice. Haikuwa na uzito wa kutosha.