Kosa la Kupigiwa Makofi

Jumatatu, 4 Machi
Siku ya kwanza ya kibarua. Shangazi ndiye mratibu wa mkutano. Wafadhili na mashirika wanayoyafadhili wamekutana ili wajifunze wao kwa wao. Mimi niko mlangoni. Mfadhili namvalisha utepe wa buluu, anayefadhiliwa wa kijani. Ofisi ya Shangazi inataka msaidizi wa kudumu, atatajwa Alhamisi. Naitaka nafasi hiyo kuliko kitu chochote. Binamu yangu, niliye naye mlangoni, pia anaitaka. Tunamwita Cherehani, maana mdomo wake ukishawashwa hauzimiki. Mimi mgeni akinisalimia, natazama viatu vyake.

Jumanne, 5 Machi
Bado siamini. Watu wazima waliketi duara, kila mmoja akasimulia kosa lake. Mfadhili mwenye suti alisema walipeleka majokofu kwenye zahanati zisizo na umeme. Nikajua leo mtu anafukuzwa kazi. Wakampigia makofi! Mama wa kikundi cha ushonaji akasema walishona sare za shule nzima bila kuuliza, kumbe shule imebadilisha rangi. Makofi tena. Mimi shuleni nilipigishwa magoti kwa kusahau rula.
Kumbe ndivyo watu wanavyopanda vyeo. Na mimi sina kosa hata moja la maana. Lazima nilipate.

Jumatano, 6 Machi
Leo makundi mapya na tepe mpya, wageni hawajuani. Cherehani alipokwenda kupiga soga na dereva, nikageuza rangi kwa makusudi. Wafadhili kijani, wengine buluu. Mpango: itokee vurugu kidogo, kisha nisimame kwenye duara nikiri.
Haikuwa kidogo. Mfadhili alimbana mfadhili mwenzake, ripoti yake iko wapi na mbona kila mwaka inachelewa. Mwenzake jasho likamtoka. Huku mama wa ushonaji anaombwa fedha na mtu wa shirika la maji. Akamjibu kwa sauti ileile ambayo yeye hujibiwa: tutakujulisha.
Shangazi alipogundua, nilidhani ataanguka. Lakini mwenye suti, ndiye aliyebanwa, alisimama akasema hakujua ripoti wanazodai zinatesa watu hivi, atazifupisha. Akauliza nani alikosea tepe.
Saa yangu. Nikainuka. Nikatazama viatu vya mwenye suti. Cherehani akaniangalia, akamwangalia mwenye suti, akaniwahi:
"Ni mimi, mzee wangu. Mnisamehe."
Makofi. Wengine walisimama kabisa.

Alhamisi, 7 Machi
Cherehani amepata kazi. Nililia nikisuuza vikombe. Shangazi akaja, akasema alijua tangu jana kwamba tepe niligeuza mimi, uso wangu ulisema wazi.
Nikashtuka. Sasa mbona kachukuliwa Cherehani?
"Yeye aliniomba, mwanangu. Tangu wiki iliyopita ananisumbua. Wewe hujafungua mdomo hata siku moja. Nilikuwa nakungoja."
Akasema mhasibu wa chumba cha jirani naye anatafuta msaidizi. Nipige hodi kesho, niseme naitaka kazi. Basi. Niseme tu hivihivi, mbele ya mtu mzima!
Jioni nzima nimetafakari maneno ya Shangazi, na sasa nimeelewa nilipoteleza. Kosa langu lilikuwa dogo mno. Kesho nitapita kwa mhasibu mapema, nione ni kitu gani pale kinachoweza kuharibika vizuri.