Chaza wa Siku ya Kura

Jumatano, 3 Februari 1819, Washington
Hasira! Mungu anisamehe, leo nimesali nimekunja ngumi. Bunge bado linabishana kama Jenerali Rusk alaumiwe kwa aliyoyafanya vitani Florida, au apewe heko. Heko! Huyu aliyemchapa viboko mdogo wangu Silas mbele ya jeshi zima, kisa kauliza chakula kiko wapi. Hadi leo Silas hawezi kuketi kanisani. Nataka alaumiwe, basi. Wabunge watano wamepanga vyumba kwangu. Wanne ni wetu. Wa tano, Bwana Cathey wa Tennessee, anamwabudu Jenerali.

Alhamisi, 4 Februari
Nimemtoa Cathey mezani kwa wenzake. Nimemweka peke yake mlangoni, baridi impige, na mkate mkavu. Kaula wote! Kasema, mama, hapa ni kama kambini kwa Jenerali, ubarikiwe. Mwehu.

Ijumaa, 5 Februari
Bwana Prouty, mkubwa wa wale wanne, kamwita Jenerali mchinjaji, bungeni, mchana kweupe. Nikashangilia kutoka roshani. Mlinzi akaniambia, mama, hapa si sokoni. Nikamjibu, sokoni kuna watu wenye haya. Nimetolewa nje.

Jumamosi, 6 Februari
Kura ni Jumatatu. Prouty anasema watu wawili watatu tu wataamua. Cathey anapenda chaza kuliko roho yake. Nitatuma habari bungeni kwamba chaza wako motoni. Atakuja mbio, kura itampita. Nimeuombea mpango huu kwa magoti.

Jumatatu, 8 Februari
Wamekuja wanne. Wetu! Wanaokula meza moja, mmoja akinyanyuka wote wananyanyuka. Ndivyo wabunge walivyo, nami nimewalisha miaka yote hii! Cathey hana meza, nilimtoa mwenyewe. Kabaki kitini, kapiga kura. Jenerali kapona kwa kura tatu. Prouty, mafuta kidevuni, kauliza kama wamebaki chaza wengine. Nilimnyang'anya sahani.
Silas katoka kwenda kupasua kuni. Kuni tunazo tele.

Jumanne, 9 Februari
Nimesoma Zaburi, moyo umetulia. Kosa ni la Prouty na ulafi wake. Seneti nayo inamchunguza Jenerali, na maseneta watatu wamechukua vyumba vya juu. Wawili wetu, mmoja wake. Nimemuuliza huyo mmoja kwa upole anapenda kula nini. Bata.
Nimeagiza bata.